Nani Hupanga Kesho ya Mhitimu wa Falsafa? Historia ya Swali Moja katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Kwa miaka kadhaa baada ya Serikali kuhamia Dodoma, matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yalimalizika kwa anuani moja: S.L.P. 2320, Chuo Kikuu cha Dodoma, Majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma mantiki na maadili chuoni hapo aliishi, kwa hiyo, katika eneo moja na ofisi ambayo ingepokea maombi yake ya kazi mara tu baada ya kuvua joho. Majengo yalikuwa jirani, lakini ujirani huo haukumsaidia. Tangazo la kazi humtambua mwombaji kwa jina la fani yake. Huitaka shahada ya uhasibu, ya sheria, ya manunuzi na ugavi, ya mipango, ya utawala. Falsafa hutajwa kwa nadra, na mhitimu wake hulazimika kutafuta nafasi katika maneno ya jumla yanayofuata orodha, yaani “au fani nyingine inayolingana na hizo”.

Kutokana na hali hiyo, mazungumzo kuhusu wahitimu wa falsafa huanza, na mara nyingi huishia, katika swali moja: watafanya kazi gani? Swali huulizwa kana kwamba limezaliwa na falsafa yenyewe, na kwamba popote somo hilo lilipofundishwa liliandamana na mashaka hayo. Historia ya uwanda wa kati inaonyesha vingine. Somo hili limefundishwa katika uwanda huo tangu enzi za ukoloni, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyemwuliza mwanafunzi wake atafanya nini, kwa kuwa jibu lilikwisha kutolewa na mtu mwingine kabla hajafungua kitabu cha kwanza. Hoja ya insha hii ni kwamba kilichobadilika ni mwenye mamlaka ya kupanga kesho ya msomi. Thamani ya falsafa haiwezi kupimwa kwa haki bila kulitazama badiliko hilo.

Uwanda wa kati unachukuliwa hapa kwa maana pana, yaani nchi inayofuata Reli ya Kati kutoka Dodoma hadi Tabora, pamoja na Singida.

Kipalapala: mpango wa Kanisa

Mahali pa kuanzia ni Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, katika seminari kuu iliyoendeshwa na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe. Hapo vijana wa Kitanganyika walisoma falsafa na teolojia kwa ajili ya upadri. Mafunzo hayo hayakubuniwa Tabora. Mwaka 1879 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Aeterni Patris, uliorudisha mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino kuwa msingi wa falsafa katika shule za Kanisa, na seminari za Afrika ziliupokea utaratibu huo kama ulivyo. Mseminari alipitia mantiki, metafizikia, maadili na elimu ya nafsi, na lugha ya masomo hayo ilikuwa Kilatini hadi mabadiliko yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Falsafa katika mfumo huo ilikuwa daraja. Aliyemaliza miaka yake ya falsafa aliendelea na teolojia, kisha ushemasi, kisha daraja takatifu. Baadaye kazi hizo mbili ziligawanywa kati ya seminari mbalimbali: Ntungamo huko Bukoba na Kibosho huko Kilimanjaro zikabaki na falsafa, ilhali Kipalapala, Peramiho na Segerea zikafundisha teolojia. Mgawanyo huo unaonyesha wazi nafasi ya somo lenyewe. Hata majengo yalisema kwamba falsafa ni safari ya kwenda mahali pengine. Mpango wa maisha ulikuwa wa askofu na jimbo, na kijana aliupokea kama wito. Polycarp Pengo, aliyesoma Kipalapala na kupadrishwa mwaka 1971, alipelekwa Roma kwa masomo ya uzamivu, akarudi kufundisha, akawa gombera wa kwanza wa Segerea, na hatimaye Kardinali. Ukitazama mtiririko huo kwa jicho la leo la soko la ajira, hakuna hatua hata moja ambapo mhitimu alikaa akisubiri.

Hata hivyo, walio wengi kati ya walioingia seminari hawakufika altareni. Hili ni jambo ambalo historia za Kanisa hulitaja kwa sentensi moja na kupita, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwa mada hii. Aliyetoka seminarini alikuwa, kwa hakika, mhitimu wa kwanza wa falsafa asiye na mpango. Alirudi nyumbani akiwa na Kilatini, mantiki na aibu kidogo mbele ya wazazi waliokwisha kumwita padri. Lakini mashaka yake hayakudumu, kwa sababu nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Shule za misheni zilihitaji walimu, bomani kulihitajika makarani, na vyama vya ushirika vilihitaji watu wa kuandika na kuhesabu. Wapo waliochelewa zaidi kutoka: Wilbrod Slaa alikuwa padri mwenye shahada ya uzamivu katika sheria ya Kanisa kabla ya kuacha upadri, kuwa mbunge wa Karatu kati ya 1995 na 2010, na kugombea urais mwaka 2010. Katika njia zote hizi mwajiri hakuuliza jina la fani. Aliuliza kama mtu amesoma.

Mfano ulio maarufu kuliko yote haukutoka seminarini, ingawa ulipita jirani yake. Julius Nyerere alifundisha katika Shule ya Mt. Maria, Tabora, baada ya kumaliza Makerere mwaka 1945. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako masomo yake yalikuwa pamoja na historia, uchumi wa kisiasa na falsafa ya maadili, na mwaka 1952 alirejea na shahada ya M.A. Kazi iliyomngoja ilikuwa ualimu Pugu. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama ushujaa, na bila shaka lilikuwa hivyo. Lakini kwa mtafiti wa historia ya wahitimu lina maana nyingine pia: Nyerere aliweza kuacha kazi ya uhakika kwa sababu kazi ya uhakika ilikuwapo.

Mpango wa Serikali

Uhuru ulipofika, mamlaka ya kupanga maisha ya msomi yalihamia serikalini, tena kwa uwazi ambao Kanisa halikuwahi kuwa nao. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo mwaka 1980. Idadi ya nafasi za masomo ilitakiwa ilingane na idadi ya watumishi waliohitajika, na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za umma alijifunga kuutumikia umma kwa muda maalumu. Katika hesabu ya namna hiyo kulikuwa na daktari, mhandisi, mwalimu na mwanasheria. Mwanafalsafa hakuwa na safu yake. Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, kilipitisha miongo yake ya mwanzo bila idara ya falsafa inayojitegemea. Nairobi mambo yalikuwa tofauti. H. Odera Oruka alifundisha falsafa huko na kuanzisha utafiti wake juu ya hekima ya wazee wa vijijini.

Ni kosa kudhani kwamba kutokuwapo kwa idara kulimaanisha kutokuwapo kwa falsafa. Nchi iliyotoa Azimio la Arusha mwaka 1967 ilijadili usawa, utu na kazi kila siku, magazetini na katika mikutano ya matawi. Chuoni mijadala hiyo iliingia katika siasa, sheria, masomo ya maendeleo na, kwa namna ya pekee, katika Kiswahili. Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya uzamivu huko Wisconsin mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, kisha akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya ambazo wanafunzi wa fasihi bado wanazisoma kama maandishi ya falsafa. Mtu wa aina yake hakuitwa mhitimu wa falsafa. Aliitwa mwalimu wa fasihi, na mshahara ulilipwa kwa jina hilo.

Mvutano kati ya mpango wa Serikali na mipango ya wanafunzi wenyewe ulilipuka tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara yaliyoambatana nalo. Wanafunzi 393 walifukuzwa, na Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Miaka minane baadaye Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi kwa kutaka mwanafunzi afanye kazi kwanza, apate pendekezo la mwajiri na la tawi la TANU, ndipo aingie chuo kikuu. Kwa sharti hilo mpango wa kazi ulitangulia masomo.

Yapo mengi ya kulaumu katika utaratibu huo, na walioupitia wanayajua kuliko wanaousoma. Lakini jambo moja lisisahauliwe: waandamanaji wa 1966 waligombana na Serikali juu ya masharti ya kazi. Hakuna aliyeandamana kwa kukosa kazi.

Uhakika huo ulivunjika polepole. Makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, kupunguzwa kwa watumishi wa umma na kusitishwa kwa ajira za moja kwa moja katika miaka ya 1990 vilimwondolea mhitimu mwajiri wake wa kurithi. Wakati huohuo sera ya kuchangia gharama ilihamishia sehemu ya ada kwa mzazi, na tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaugeuza msaada wa Serikali kuwa deni. Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria nalo lilisitishwa mwaka 1994, likarejeshwa 2013, safari hii kwa vijana ambao hawakuahidiwa kazi mwishoni. Majukumu yalibaki, dhamana iliyoyaambatia ikaondoka.

Chimwaga

Dodoma ilikuwa na uzoefu wa muda mrefu wa kupangiwa. Mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori la Kongwa kwa matrekta ili walime karanga za kupeleka kwao, na kufikia 1951 mradi ulikwisha kuanguka kwa sababu ambazo Mgogo yeyote aliyeijua mvua ya kwao angewaeleza. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha wananchi kuingia vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapo. Hata chuo kinachojulikana mjini kwa jina fupi la “Mipango” kipo Dodoma, kikiwa kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Katika mkoa huo ndimo kilimozaliwa, mwaka 2007, chuo kikuu kilichokusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000, kikianzia katika ukumbi wa Chimwaga, ambamo Chama Cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kuwa mgombea wake wa urais mwaka 1995. Mkapa ndiye aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa chuo hicho.

Ukubwa huo ulibadilisha sura ya mwanafunzi wa falsafa. Seminari ilipokea wavulana waliochujwa na paroko. Chuo cha umma kilipokea yeyote aliyefikisha alama, na hivyo kwa mara ya kwanza katika uwanda huu wasichana walisoma falsafa kwa wingi bila kupitia utawa. Waislamu, Walutheri na Waanglikana waliketi darasa moja na waliotoka seminari ndogo za Kikatoliki. Badiliko hili halijapewa uzito linaostahili. Somo lililokuwa la wachache walioitwa likawa la watoto wa wakulima waliopangiwa kwa mashine. Wapo walioichagua falsafa, na wapo walioikuta imeandikwa mbele ya majina yao baada ya kozi waliyoitaka kujaa.

Matukio mawili yaliyotokea chuoni hapo yanaeleza hali yao kuliko takwimu. Mwishoni mwa Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliamriwa kuondoka chuoni katika muda mfupi. Hao walikuwa wanasoma kile hasa ambacho nchi ilisema inakihitaji. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu hichohicho, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tukio la kwanza linawajibu wanaodhani kwamba fani “yenye soko” ni kinga. La pili linaonyesha jinsi cheti kilivyotenganishwa na maarifa, kwa kuwa watu hao walikuwa wakifanya kazi kwa miaka kabla karatasi zao hazijachunguzwa. Mhitimu wa falsafa aliyesimama kati ya matukio hayo alikuwa na maarifa, alikuwa na cheti halali, na alikosa jina la fani kwenye tangazo.

Mipango yake ya baada ya chuo hutokana na pengo hilo. Njia inayotumika sana ni kutafuta jina la pili: stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo humfungulia mlango wa ualimu, au shahada ya sheria, au shahada ya umahiri katika utawala na maendeleo. Lakini ualimu una kikwazo chake. Falsafa si somo katika mtaala wa kawaida wa sekondari, hivyo mwalimu huhitaji somo jingine la kufundishia, na aliyesoma falsafa peke yake hukwama hapo. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limeleta matumaini kwa baadhi, ingawa jina lake limeanza na historia, na walimu wa historia wako wengi wakisubiri. Wengine hutazama asasi za kiraia, vyombo vya habari, au taasisi zinazoshughulikia maadili, kama Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma iliyotokana na sheria ya mwaka 1995. Ni ajabu kidogo kwamba nchi yenye chombo cha maadili kwa viongozi wake haijaweka wazi kwamba aliyesomea maadili ana sifa ya kufanya kazi humo.

Deni humfuata mhitimu katika njia zote hizo. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mkopo kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na upangaji wa mikopo umezoea kuzipa kipaumbele fani za sayansi, tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi. Serikali ina sababu zake, na hospitali isiyo na daktari haiwezi kujibiwa kwa hoja ya mantiki. Hata hivyo, kutumia ajira kama kipimo pekee cha kuendeleza au kufuta programu ya falsafa ni kuihukumu fani kwa kosa la soko. Kipimo hichohicho, kikitumiwa kwa haki, kingefuta ualimu wa historia, jiografia na Kiswahili, kwa kuwa walimu wa masomo hayo wasio na kazi ni wengi kupita wahitimu wote wa falsafa nchini. Tofauti ni kwamba mwalimu asiye na kazi huonekana kama mtu aliyedhulumiwa nafasi yake, na mhitimu wa falsafa huonekana kama aliyejitakia.

Kuna pia suala la lugha, ambalo waajiri hawaliulizi na vyuo havilijibu. Falsafa ya chuo kikuu imefundishwa kwa Kiingereza, kama ile ya Kipalapala ilivyofundishwa kwa Kilatini. Padri alitafsiri mwenyewe alipofika parokiani, kwa kuwa mahubiri yalimlazimisha. Mhitimu wa Dodoma hana mimbari. Akirudi Mpwapwa au Manyoni na kuulizwa na baba mkubwa amesomea nini, hujibu “mambo ya jamii”, akiogopa kwamba neno falsafa litafuatwa na swali ambalo hana jibu lake kwa lugha ya nyumbani. Tasnifu za falsafa kwa Kiswahili bado ni chache. Zingekuwa nyingi, jibu la nyumbani lingekuwa jepesi zaidi, na huenda hata la kwenye usaili.

Mahafali ya chuo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa mwaka, wakati ambapo mvua za Dodoma, zenye msimu mmoja tu, zinakaribia kuanza. Mhitimu ambaye familia yake ina shamba la mtama, alizeti au zabibu hukabiliwa na uamuzi ambao hauna sekretarieti wala bodi: kubaki mjini, akipanga chumba na kufuatilia matangazo, au kurudi nyumbani kabla ardhi haijalowa. Wengi hufanya yote mawili. Hupanda kwanza, kisha hurudi mjini kusubiri kuitwa kwenye usaili.